Mzazi Apande Basi la Safari ya Makumbusho?

Barua yenyewe ni fupi, na siku hizi haiji kwenye daftari la mtoto bali kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Darasa la nne litakwenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, Posta. Mtoto avae sare, abebe chakula na maji. Wazazi wawili wanaoweza kusindikiza wajiandikishe kwa mwalimu wa darasa.

Mstari huo wa mwisho ndio unaozua maneno. Wapo wazazi wanaojiandikisha kabla hawajamaliza kusoma. Wapo walimu ambao wangeufuta kabisa kama si agizo la mwalimu mkuu. Maneno ya pande zote nimekuwa nikiyasikia kwenye vikao vya wazazi, kwenye foleni za benki na mle ndani ya makumbusho yenyewe, na hapa nimeyatia katika vinywa vya watu wa kubuni: mzazi, mwalimu, mzee mwongoza wageni, na mmoja wa nne ambaye hakualikwa. Wakipotoka nitaingilia.

MZAZI: Mwalimu, mimi na makumbusho hatugombani. Ninayogombana nayo ni barabara. Tangu Mei 2017, basi la shule lilipotumbukia korongoni kule Karatu tukapoteza wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, kila nikiletewa fomu ya ruhusa mkono unakuwa mzito. Nikisaini, nataka na mimi niwemo.

MWALIMU: Pole, mama. Siku ile walimu tulilia kama ninyi. Lakini sikiliza ulichokisema mwenyewe: walimu wawili walikuwemo. Watu wazima walikuwemo. Mtu mzima aliyekaa kiti cha nyuma hashiki breki. Kama unataka kuwalinda watoto barabarani, njoo shuleni siku mbili kabla ya safari. Uliza basi ni la nani na lilikaguliwa lini. Uliza dereva ana leseni ya kubeba abiria au ana ya kubeba mchanga. Uliza watoto wangapi watabanwa kwenye kiti kimoja. Mzazi wa kuniuliza hayo simpati. Wanachoniuliza wote ni kama kuna nafasi ya kukaa karibu na mtoto wake.

MZAZI: Basi nitauliza yote hayo, na bado nitapanda. Serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na darasa lako sote tunajua limezidi hapo. Mkishuka pale Posta, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma, katikati nani anaangalia magari?

MWALIMU: Hapo umenishika. Mikono naihitaji, tena sana. Shida yangu ni kwamba mzazi akija haji kama mkono. Anakuja kama mama wa mtoto mmoja.

Nimsimamishe Mwalimu hapa kidogo, maana kauli hii ndiyo kiini cha ugomvi wote, na wengi huipita. Mzazi anapojiandikisha kusindikiza, kwa barua ile amekubali kuwaangalia watoto wa darasa zima. Moyoni amejiandikisha kumwangalia mmoja. Hakuna anayedanganya, barua na moyo vinasema mambo mawili tofauti, na kwa kawaida moyo ndio unaoshinda kabla basi halijafika Kariakoo.

MWALIMU: Nikueleze inavyokuwa. Basi likisimama, mama anambebea mwanawe begi. Mtoto alikuwa amepanga na rafiki yake washikane mikono. Sasa mkono umeshikwa na mama. Ndani, watoto wamejazana mbele ya kioo, mama anawapasua katikati ili wake aone vizuri, kisha anamgeuza: "Simama hapo, tabasamu." Picha inakwenda kundini. Dakika tano baadaye simu yangu inalia, mzazi mwingine anauliza mbona wake haonekani. Saa sita tunakaa chini ya mti kula. Watoto wamebeba maandazi, mihogo, chapati ya jana. Yeye wake anamtolea chipsi kuku na soda ya baridi.

MZAZI: Sasa nimnyime mwanangu soda kwa sababu wenzake hawana?

MWALIMU: Siku hiyo, ndiyo. Au nunua sitini.

MZAZI: Maneno makali hayo, Mwalimu.

MWALIMU: Wanaotazama soda ile si mimi, ni watoto. Wakirudi darasani nawaambia waandike habari ya safari. Nataka kusoma habari za makumbusho, lakini wapo wanaoandika habari za chipsi.

Mimi ningeishia hapo nikampa Mwalimu ushindi, lakini ingekuwa dhuluma. Hoja yake inaonyesha kwamba mzazi amepewa kazi isiyo na maelekezo. Barua inasema "kusindikiza" na kunyamaza. Bibi harusi husindikizwa, na mgeni husindikizwa mpaka kituo cha basi. Kote huko anayesindikiza hana kazi zaidi ya kuwepo. Kwa nini tumlaumu mzazi aliyefanya hivyo hivyo?

Sasa tuingie ndani, maana mpaka hapa tumegombea basi na chakula tu, kana kwamba makumbusho ni mahali pa kupunga upepo. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940, likabeba jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Lililomo ndani lililo maarufu kuliko yote lilikuja baadaye: fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini anaumwa. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Mbele ya fuvu hilo ndipo mzee wetu anapofanya kazi.

MWONGOZA WAGENI: Mimi nawapokea wote, wenye wazazi na wasio na wazazi, na tofauti naiona upesi. Watoto wakiwa na mwalimu wao tu, nikiwauliza, "Mnaona nini kwenye meno haya?" wanakaa kimya kwanza. Kimya kile ni kizuri, mtu asikiogope. Halafu mmoja anasema, "Makubwa." Mwingine, "Ya nyuma ndiyo makubwa, ya mbele madogo." Mwingine anapitisha ulimi kwenye magego yake mwenyewe ili alinganishe. Hapo wameanza kuona. Lakini pakiwa na mzazi, nikiuliza tu, kabla mtoto hajafumbua mdomo mama ameshajibu: "Huyu ndiye babu yetu wa kwanza!"

MZAZI: Kwani si babu yetu? Mimi ndivyo nilivyofundishwa shuleni.

MWONGOZA WAGENI: Ndivyo wengi walivyofundishwa, binti yangu, wala usione haya. Huyu ni ndugu wa pembeni. Ukoo wake ulikatika, haukutuzaa sisi. Hata Louis Leakey mwenyewe mwanzoni alidhani ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizokutwa pale. Haukupita muda, pale pale Olduvai wakapata mifupa ya mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 wakamtangaza kwa jina la Homo habilis. Ikabidi Leakey ahamishie sifa ya zana kwa huyo. Na habari ya chakula ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi walimwita mpasua karanga kwa sababu ya magego yale. Siku hizi wataalamu wakipima kemikali za meno ya jamaa zake wanaona kwamba walikula sana majani ya jamii ya nyasi na ndago. Sasa mtoto aliyeachwa akatazama meno kwanza, haya yote nitamweleza na atayapokea. Mtoto aliyekwishaambiwa na mama yake kwamba huyu ni babu, mimi ni nani hata nimbishie mama yake mbele yake?

MZAZI: Kwa hiyo mnataka tupande basi, tulipe kwa muda wetu, kisha tuwe mabubu?

MWALIMU: Kama inawezekana.

MWONGOZA WAGENI: Hapana, Mwalimu, hapo mimi na wewe tunaachana. Mabubu sitaki. Pale nje kuna kumbukumbu ya bomu la Ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Watu 11 walikufa hapa Dar es Salaam. Mimi huwaeleza watoto tarehe na idadi, nao wananisikiliza kama wanavyosikiliza jedwali la kuzidisha. Lakini akiwepo mama au baba ambaye siku ile alikuwa Kinondoni akasikia mlio, akaona watu wanakimbia bila kujua wanakimbilia wapi, na akawaambia watoto maneno matatu tu ya alichokiona, hakuna anayechezea kamba ya kiatu. Kitu kile mimi sina. Na mkienda Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama, penye nyumba za asili za makabila, mzazi aliyekulia Iringa au Kagera anajua kuliko kibao cha maelezo. Anajua kihenge kinavyofungwa panya wasiingie. Anajua nani alilala upande gani wa nyumba na kwa nini. Huyo, kunyamaza kwake ni hasara.

MZAZI: Sasa nisemeje na ninyamaze lini? Maana mnanichanganya.

MWONGOZA WAGENI: Ulichokiona kwa macho yako au ulichokishika kwa mikono yako, kiseme, ukiulizwa. Kilichoko ndani ya kioo na wewe ndiyo kwanza unakiona leo kama wao, kiulize.

Sijui kama mzee alikusudia, lakini hapo ametoa kanuni bora kuliko zote nilizowahi kusikia juu ya jambo hili. Mzazi wa kuuliza ndiye adimu. Watu wazima tunaona aibu kuuliza mbele ya watoto, kana kwamba cheo cha uzazi kitaporomoka. Chukua habari ya mijusi wakubwa wa kale wa Tendaguru, Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua huko mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Mamia ya wenyeji walichimba, wakaifungasha, wakaibeba kichwani na mabegani kwa siku kadhaa za mwendo mpaka bandari ya Lindi. Leo mnyama aliyeungwa kwa mifupa ile amesimama Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watoto wa Kijerumani hupelekwa na shule zao kumtazama. Fikiria mtu mzima mwenye asili ya Lindi amesimama katikati ya watoto, Posta, akainua mkono kama mwanafunzi: "Mzee, wale wa kwetu wako wapi, na kwa nini hawako hapa?" Watoto hawatakumbuka jibu lote. Watakumbuka kwamba mtu mzima aliuliza, na kwamba swali lilikuwa zito.

MZAZI: Nami nina la kusema kuhusu mambo ya kale. Nyayo za Laetoli zina zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Wakubwa na mdogo, wanatembea pamoja. Kama mzazi wa wakati ule alimsindikiza mwanawe, mimi nakatazwaje?

MWONGOZA WAGENI: (anacheka) Zile zilipatikana mwaka 1978, mstari wa kama mita 27. Kwamba ndogo ni za mtoto, hayo tunasema sisi, nyayo hazijasema. Mtu mzima mfupi naye ana mguu mdogo. Kinachoonekana wazi zaidi ni kwamba mmoja alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za aliyetangulia.

MWALIMU: Na hicho ndicho ninachokikimbia mimi: mtoto anayekanyaga mle mle alimokanyaga mzazi wake. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na watu huitumia kama tishio. Mimi naomba siku moja tu ulimwengu upewe nafasi ya kumfunza mama akiwa pembeni. Nina mwanafunzi ambaye darasani hanyanyui mkono. Kwenye safari bila mama yake, aliongea. Kwenye safari na mama yake, alirudi kuwa kivuli.

MZAZI: Labda na mimi ningependa kumwona akiongea.

Kwa sentensi hiyo mzazi amenigusa kuliko kwa hoja zake zote za barabara. Hasemi tena habari za ulinzi. Anasema kuna mtoto mwingine ndani ya mtoto wake, anayeonekana na mwalimu tu, na yeye mama amenyimwa kumjua. Mwalimu hana jibu la hilo, nami sina. Dawa iliyopo ni ya pembeni: mzazi akiwa na kikundi kingine, chumba hicho hicho, atamwona mwanawe kwa mbali akiwa miongoni mwa wenzake, na mtoto hatakuwa anamtazama mama kabla ya kujibu.

Ningefunga mjadala hapo, lakini kuna mtu amesimama mlangoni muda wote huu na sinia lake.

MUUZA MAANDAZI: Samahanini. Mimi mwanangu yuko darasa hilo hilo, Mwalimu. Nimewasikia mnabishana mzazi aende au asiende. Mimi swali hilo halijanifikia. Mmeandika "wazazi wanaoweza". Anayeweza ni nani? Mimi siku nisipokaanga, usiku hatuli. Simu yangu ya batani, hilo kundi lenu silioni. Habari naipata kwa mtoto, wakati nafasi zimeshajaa. Kila siku napanda daladala ya Makumbusho, nashuka stendi ya Makumbusho, na ndani ya makumbusho yenyewe sijawahi kukanyaga, si ya Kijitonyama wala ya Posta.

MWALIMU: Kweli, mama. Wanaojiandikisha ni wale wale wawili kila mwaka.

MUUZA MAANDAZI: Na wana magari. Wanaweza kwenda Jumapili yoyote.

MZAZI: Mimi ni mmoja wa hao wawili. Sikuwahi kulifikiria hilo.

MUUZA MAANDAZI: Sikulaumu, dada. Lakini siku moja kwa mwaka ningeweza kuiacha biashara kama ningejua mwezi mmoja kabla. Mngenipa kazi, ningeifanya. Watoto sitini mimi nawahudumia kila asubuhi getini pale, najua nani mkorofi na nani hajala.

Huyu ndiye aliyepaswa kuzungumza wa kwanza, na kosa ni letu sote kwamba amesemea mlangoni. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, michango ya lazima imeondolewa katika shule za serikali, na tukadhani usawa umekamilika. Lakini muda nao ni mchango, na mzazi anayelipwa kwa siku ndiye anayeutoa kwa gharama kubwa kuliko wote. Kiti cha msindikizaji kwenye basi lililokwisha kukodiwa hakiongezi hata shilingi, na bado tunampa mwenye gari. Kwa mtu mzima ambaye hakupelekwa popote alipokuwa mwanafunzi, kiti kile huenda ndiyo njia pekee ya kuliona fuvu la Olduvai, na mtoto wake atapata nyumbani mtu wa kuzungumza naye habari hiyo jioni. Niongeze na hili, ingawa si mada: katika mabishano yote haya sikusikia sauti ya baba hata mmoja. Barua inasema wazazi.

Hukumu yangu ni kwamba mzazi apande basi. Asikae kiti kimoja na mwanawe, wala asiwe kwenye kikundi chake. Apewe majina ya watoto kumi, kwenye karatasi, na kazi yake iwe kuwahesabu kila mlango wanaoingia na kila mlango wanaotoka. Simu ikae mfukoni mpaka saa ya kuondoka. Picha apige mwalimu mmoja kwa niaba ya wote. Chakula, kila mtu ale alichobeba, na mzazi naye ale hicho hicho. Ukaguzi wa basi ufanywe na kamati ya wazazi kabla ya siku ya safari, kwa maandishi, kwa sababu hofu ya Karatu ni ya haki, nayo hutibiwa gereji kabla basi halijaingia barabarani.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja dogo la kalamu. Ule mstari wa mwisho wa barua uandikeni upya, mwezi mmoja kabla, kwenye karatasi pamoja na WhatsApp: wasindikizaji watapatikana kwa kura ya wazazi wote wa darasa, baba kwa mama, na aliyekwishakwenda mwaka jana awapishe wengine.

Nawe mzazi ambaye kura haikukuangukia, au imekuangukia lakini unaona masharti haya yanakunyima raha, makumbusho hayo yako wazi hata mwisho wa wiki. Mpeleke mwanao Jumamosi, wewe na yeye. Mshike mkono, mpige picha uzitakazo, mnunulie soda. Ila mkifika mbele ya lile fuvu, mwache yeye aseme kwanza.